Umeambiwa Ukafundishe Watoto Kanisani: Anzia Hapa

Kila mwaka vijana wakishapata kipaimara maswali huanza, na huwa ni yale yale. Mchungaji amesema nikawasaidie watoto, nianzie wapi? Nina miaka 15, watanisikiliza kweli? Mtoto akiniuliza jambo nisilolijua je? Nimeyajibu mara nyingi uani mwa kanisa, kwenye daladala, kwenye simu saa nne usiku. Sasa nayaandika, ili ukiambiwa leo kwamba Jumapili ijayo una darasa, uwe na pa kushika.

Nakuandikia wewe kijana wa miaka 13 hadi 18, wa usharika, parokia au kanisa lolote hapa Dar es Salaam. Ukiwa Msabato, kila ninaposema Jumapili wewe weka Sabato. Ukiwa Mkatoliki, utakuwa chini ya walezi wa Utoto Mtakatifu, yaani shirika la watoto Wakatoliki, na mafundisho ya Komunyo ya Kwanza utamwachia katekista, maana hiyo ni kazi yake.

Jambo moja niliseme mapema. Kanisani vijana tunawapa kazi za kupanga viti, kufunga spika na kuelekeza wageni pa kukaa, halafu tunasema tunawalea wawe viongozi. Ni kazi njema, zifanye kwa moyo. Lakini utakomaa kiongozi siku utakapokuwa na watoto wanane unaowajua kwa majina, ambao usipofika wanaulizana uko wapi. Hatua zote zilizoko hapa chini zinakupeleka huko.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ruhusa ya wazazi wako na ya kanisa. Ya wazazi iwe ya kweli, siyo "nilimwambia mama akanyamaza".
- Mlezi mmoja, mtu mzima aliyeteuliwa na kanisa, atakayekuwepo darasani kila unapofundisha. Bila yeye usianze.
- Biblia ya kitabu. Simu inazimika, inaita, na mtoto akiiona anawaza gemu. Tafsiri ya Union Version ndiyo inayosomwa ibadani katika makanisa mengi, kwa hiyo mistari ya kukariri itoe humo au katika tafsiri ambayo kanisa lenu linaitumia. Habari Njema ina lugha nyepesi zaidi, itakusaidia kuielewa hadithi unapojiandaa.
- Kaunta buku kwa ajili ya majina, mahudhurio na maandalizi yako.
- Karatasi za manila, maka peni, kalamu za rangi, mkeka au turubai, na khanga moja kuukuu.
- Saa ya mkononi, hata ya bei ya chini kabisa.
- Kidumu cha maji na kipande cha sabuni, kwa sababu watoto watatoka chooni na watashika Biblia na biskuti.

Projekta, vitini vya rangi na fulana za walimu havihitajiki. Vikija, vizuri.

Kanuni ambazo hazivunjwi

Soma sehemu hii mara mbili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Maana yake, kama hujatimiza 18, hata wewe bado ni mtoto, na kanisa lina wajibu wa kukulinda wewe pia. Kanuni hizi zinawalinda watoto, na zinakulinda wewe usije ukasingiziwa au ukabebeshwa mzigo wa watu wazima.

- Usikae peke yako na mtoto mahali pasipoonekana. Mlango uwe wazi, au mwe wawili. Chooni watoto waende wawili wawili, mtu mzima akiwatazama kwa nje.
- Usipige, usifinye, usimpigishe mtoto magoti. Ulivyofanyiwa wewe ulipokuwa mdogo haikupi ruhusa.
- Usipige picha za watoto ukaziweka status wala kwenye mtandao wowote. Picha za kanisa zinapigwa na aliyeruhusiwa, wazazi wakijua.
- Usibebe mtoto kwenye bodaboda, wala usimpeleke popote bila mzazi na mlezi kujua.
- Mtoto akikuambia siri ya kuumizwa, kupigwa vibaya au kushikwa mahali pasipofaa, msikilize kwa utulivu. Usimhoji kama polisi. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, mwambie, "Umefanya vizuri kuniambia, nitamwambia mtu anayeweza kusaidia." Siku hiyo hiyo mwambie mlezi wako. Usiende kumkabili mhusika, na usiwasimulie vijana wenzako. Walezi na mchungaji wana pa kwenda: Dawati la Jinsia na Watoto lililopo polisi, ofisi ya ustawi wa jamii, na simu ya huduma kwa mtoto namba 116 ambayo haina malipo. Ukimwambia mtu mzima wa kwanza akapuuza, mwambie wa pili, au piga 116 mwenyewe.

Hatua ya 1: Kaa na mlezi mkubaliane

Mfuate, usisubiri akufuate. Ukifika na kaunta buku mkononi atajua umemaanisha. Muulize mambo manne: nitakuwa na kundi la umri gani, watoto wangapi, dakika ngapi, na hadi lini?

Hilo la mwisho vijana hulisahau. Omba muhula mmoja: Januari hadi likizo ya Juni, au Julai hadi Desemba. Kazi isiyo na mwisho unaoonekana watu huikimbia kimya kimya. Mwambie pia siku ambazo hutakuwepo. Kama uko kidato cha pili au cha nne, mitihani ya taifa inakuja kuelekea mwisho wa mwaka, na Jumamosi una tyusheni. Chukua muhula wa kwanza, wa pili uwe msaidizi. Kama unasoma bweni, kazi yako iwe ya likizo. Mkizitumia vizuri, wiki za Juni zinatosha kufanya semina nzima ya watoto.

Angalizo: usikubali kupewa watoto 50 eti kwa sababu mwalimu wao amehama. Kijana anayeanza aanze na wanane, wasizidi kumi.

Hatua ya 2: Keti Jumapili nne ukitazama

Kaa mkekani pamoja na watoto, usikae kwenye kiti nyuma. Usifundishe chochote. Kazi yako wiki hizi ni majina. Andika kila jina, na mbele yake jambo moja unaloliona: huyu anakuja na bibi yake, huyu anapenda kuchora, huyu hasemi mpaka aulizwe, huyu ni mdogo wake yule.

Angalia jambo lingine ambalo walimu wengi hapa mjini hawaliangalii. Darasani kwako kutakuwa na mtoto wa shule ya mchepuo wa Kiingereza anayeisoma Biblia ya Kiswahili kwa kukwama kwama, na pembeni yake mtoto wa darasa hilo hilo wa shule ya serikali anayetiririka. Kutakuwa pia na wa darasa la tatu asiyejua kusoma kabisa, ambaye ameshajifunza kuficha. Ukimsimamisha mmojawapo asome kwa sauti mbele ya wenzake, Jumapili ijayo haji, na mama yake ataambiwa tumbo linauma. Kwa hiyo soma wewe. Anayetaka kusoma ajitolee.

Kufikia Jumapili ya nne uweze kusimama mlangoni na kumpokea kila mtoto kwa jina lake. Ukishindwa, ongeza wiki.

Hatua ya 3: Chukua kipande kimoja kimoja

Usirukie somo zima. Utaratibu huu umewasaidia vijana wengi niliowalea:

Jumapili ya kwanza ongoza pambio moja tu lenye vitendo. Chagua ambalo watoto wanalijua. Simama, lianzishe kwa sauti ya watoto na siyo ya kwaya ya vijana, limalize, keti.

Ya pili, fundisha mstari wa kukariri. Uandike kwenye manila kwa herufi kubwa. Wausome wote mara mbili pamoja nawe, halafu funika neno moja kwa kiganja, wasome tena. Funika la pili. Endeleeni mpaka karatasi nzima imefunikwa na bado wanasema. Mstari uwe mfupi. "Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu" ni urefu tosha kwa watoto wa miaka saba; wa chini ya hapo wape nusu yake.

Ya tatu, ongoza sala. Waulize watoto wanataka kuombea nini, uyaseme yale yale waliyoyasema. Kama mmoja ametaja paka wake, mtaje paka.

Ya nne, simulia hadithi. Sasa uko tayari kwa somo zima.

Hatua ya 4: Andaa somo kuanzia Jumatano

Hapa ndipo kijana anapojengeka hasa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Somo linaloandaliwa Jumamosi usiku baada ya mpira hujulikana. Watoto hawatakuambia. Watakuonyesha, kwa kuchezea viatu vyao.

Jumatano soma hadithi mara tatu, polepole. Mara ya kwanza soma tu. Mara ya pili tazama: ni nani wako pale, ni mchana au usiku, kuna harufu gani, nani anaogopa? Mara ya tatu jiulize hadithi inasema nini juu ya Mungu.

Alhamisi andika sentensi moja ambayo ungependa mtoto aende nayo nyumbani. Moja. "Yesu alimwona Zakayo wakati wengine hawakutaka kumwona." Ukiwa na sentensi tatu, una masomo matatu, na mawili uyaweke akiba.

Ijumaa msimulie mtu wa nyumbani bila kutazama Biblia. Mdogo wako mkiosha vyombo, au bibi akichambua mchicha. Pale utakapokwama ndipo hujapaelewa, rudi ukasome.

Jumamosi weka vifaa vyote kwenye mfuko mmoja na uutundike karibu na mlango.

Kwa muhula wako wa kwanza chukua hadithi ambazo zina watu, safari na tendo linaloonekana. Hizi kumi zinatosha kabisa:

- Samweli anaitwa usiku (1 Samweli 3)
- Daudi na Goliathi (1 Samweli 17)
- Kijakazi mdogo wa nyumba ya Naamani (2 Wafalme 5:1-14)
- Danieli katika tundu la simba (Danieli 6)
- Dhoruba inatulia (Marko 4:35-41)
- Msamaria mwema (Luka 10:25-37)
- Kondoo aliyepotea (Luka 15:3-7)
- Mwana mpotevu (Luka 15:11-32)
- Zakayo (Luka 19:1-10)
- Mvulana mwenye mikate mitano na samaki wawili (Yohana 6:1-13)

Ya kijakazi wa Naamani naipenda kuliko zote kwa ajili yako. Msichana mdogo, mateka ugenini, Biblia haimtaji hata jina, na neno lake moja ndilo linalompeleka jemadari kwa nabii Elisha. Ifundishe mapema.

Makosa ya kawaida kwenye maandalizi: kuchagua hadithi ngumu ili uonekane umesoma. Ibrahimu na Isaka mlimani (Mwanzo 22) inahitaji mwalimu mzoefu; mtoto wa miaka mitano atarudi nyumbani akimwogopa baba yake. Na kwa Goliathi, kichwa kukatwa kiache, wadogo hawakihitaji.

Hatua ya 5: Fundisha

Panga dakika 40 hivi: kupokea na majina 5, pambio 5, hadithi 10, kazi au mchezo 10, mstari 5, sala 5. Saa iweke mahali unapoiona bila kuinama.

Tuchukue dhoruba ya Marko 4 tuone inavyokwenda. Watoto wa Dar wana bahati na hadithi hii, kwani wengi wamepanda pantoni ya Kigamboni au wamesimama Feri wakaona mashua za wavuvi zikiingia. Usianze na "Leo tutajifunza kuhusu imani." Anza hivi: "Nani amewahi kupanda pantoni? Ilipoyumba ulishika nini?" Mmoja atasema alishika dera la mama yake. Mwingine atasema yeye haogopi maji. Wape dakika mbili, kisha shusha sauti. Ukiishusha, nao watanyamaza wakusikie. Ukipandisha, nao wanapandisha.

Tandaza khanga katikati ya mkeka, kila mtoto ashike pindo. Jioni wanaondoka ng'ambo hii: khanga imetulia. Upepo unaanza: waitikise kidogo. Mawimbi yanaipiga mashua, maji yanajaa: watikise kwa nguvu, wapige kelele kama wanataka. Mtoto mmoja amelala pembeni kichwa kikiwa juu ya begi, kwa sababu Marko anasema Yesu alikuwa nyuma ya chombo, amelala juu ya mto. Wenzake wamwamshe: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Ainuke, anyooshe mkono, aseme, "Nyamaza, utulie." Khanga ianguke yote kwa mara moja.

Hapo usiseme neno. Hesabu moyoni mpaka tano. Mtoto wa miaka sita atakumbuka khanga ilivyoanguka hata akisahau kila kitu ulichoeleza. (Kama kanisani kwenu hawapendi mtoto aigize Yesu, maneno hayo yasome wewe kutoka kwenye Biblia. Inafaa vile vile.)

Kisha maswali. Usiulize "Mmeelewa?" Watajibu "Ndiyooo!" wote kwa pamoja hata kama hawajaelewa, wamezoeshwa shuleni. Uliza, "Ungekuwa kwenye mashua ile ungefanya nini?" na "Wewe unaogopa nini?" Utasikia giza, mbwa wa jirani, mtihani. Mtoto wa Jangwani anaweza kukuambia anaogopa mvua kwa sababu maji yaliingia ndani yakabeba godoro. Usimwambie kwamba akiomba maji hayataingia tena. Mwambie ukweli uliomo kwenye hadithi: dhoruba ilipokuja, Yesu alikuwa ndani ya mashua pamoja nao.

Makosa mengine ninayoyaona kila mara kwenye hatua hii:

Kutisha watoto kwa moto wa jehanamu ili watulie. Watatulia, na usiku hawatalala.

Kugeuza kila hadithi kuwa amri ya kutii wazazi na kufanya homuwaki. Wazazi watakupenda, lakini Biblia itakuwa imekuwa fimbo.

Kutoa pipi kwa anayejibu sahihi. Wenye kujua ni wale wale wanne, wengine wataacha kuinua mikono. Kama kuna ubuyu au maandazi, wape wote mwishoni, na kabla ya hapo waulize wazazi kama kuna mtoto asiyetakiwa kula karanga au kitu kingine.

Kulazimisha ushuhuda. Mtoto hahitaji kulia wala kuja mbele ili ujue kwamba somo limemwingia.

Hatua ya 6: Kabidhi, hesabu, keti chini

Darasa halijaisha watoto wanapotoka. Kila mmoja umkabidhi kwa aliyemleta, mkono kwa mkono. Mtoto anayerudi mwenyewe aondoke na wenzake wa njia moja, na mzazi wake awe ameshamwambia mlezi.

Sadaka ya watoto, hata iwe sarafu chache, ihesabiwe na watu wawili, iandikwe kwenye daftari, ikabidhiwe kwa mzee wa kanisa au mhusika wa fedha siku hiyo hiyo. Isilale mfukoni mwako. Kijana anayejifunza mapema kushika fedha ya Mungu kwa mashahidi atakuja kuwa hazina kwa kanisa lake.

Halafu keti na mlezi dakika kumi. Muulize: nini kilikwenda vizuri, nini nibadilishe, nani leo hakuwa sawa? Sikiliza bila kujitetea. Andika.

Yule ambaye hakuja Jumapili mbili mfululizo atafutwe. Piga simu kwa mzazi kupitia mlezi, au nendeni wawili pamoja na mtu mzima mkapige hodi. Msiulize "Mbona hamji kanisani?" Salimieni, shikamoo zenu kwanza, mseme mmemkumbuka mtoto. Mara nyingi mtakuta ni homa, au familia imehama kutoka Manzese kwenda Chanika, au viatu vimechanika.

Hatua ya 7: Mlee mwenzako

Ukifika katikati ya muhula wa pili, tafuta kijana mmoja aliye mdogo kwako kidogo, umpitishe kwenye Hatua ya 2 na ya 3 kama ulivyopitishwa. Wewe ukae, yeye afundishe. Utaumia kumwona anasimulia vibaya hadithi unayoijua. Vumilia, usimkatize mbele ya watoto, mwambie baadaye.

Hii ina sababu ya wazi kabisa hapa kwetu. Utamaliza kidato cha nne, utapangiwa kidato cha tano Mbeya au Tabora, utaondoka. Darasa likifa siku unayoondoka, ulikuwa umelishikilia peke yako.

Kwa Walutheri, sikukuu ya Mikaeli na Watoto, inayoadhimishwa karibu na tarehe 29 Septemba, ni nafasi nzuri ya kumpa mwenzako kazi inayoonekana. Siku hiyo watoto huongoza ibada. Mwache yeye awaandae wasomaji wa masomo, wewe ubaki na zamu ya kuwasindikiza chooni. Wakatoliki wanayo nafasi kama hiyo kwenye sherehe za Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson kwa wazo la watoto kuwasaidia watoto.

Mambo yakienda mrama

*Mtoto mmoja anavuruga darasa zima.* Mpe kazi kabla hajaanza: ashike saa, agawe rangi, awe wimbi kubwa kuliko yote. Mkalishe karibu nawe, na umtaje jina akifanya jema. Ikiendelea wiki tatu, zungumza na mlezi. Huenda nyumbani kuna jambo.

*Mvua imeanza, bati zinaunguruma, hawasikii kitu.* Usishindane nayo kwa kupayuka. Acha hadithi pale ilipofika, wape karatasi wachore walichosikia, au waigize bila maneno. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, uwe na kazi ya mikono kwenye mfuko kila Jumapili.

*Wanasinzia.* Ibada ya kwanza ni saa moja asubuhi, na Jumamosi usiku mtaani kulikuwa na muziki wa harusi. Wasimamishe, pambio la vitendo, maji ya kunywa, tokeni kivulini nje. Fupisha hadithi.

*Wamekuja 40 badala ya 10.* Msifundishe hadithi kwa vikundi vya ghafla. Mlezi au mwalimu mzoefu asimulie kwa wote, kisha wewe uchukue wanane wako kwa kazi na sala.

*Umesahau hadithi katikati.* Fungua Biblia uisome. Watoto hawaoni aibu yoyote katika hilo, na wanajifunza hadithi inatoka wapi.

*Umeulizwa "Mungu aliumbwa na nani?" au "Bibi yangu aliyekufa yuko wapi sasa hivi?"* La kwanza: Biblia inaanza na Mungu akiwepo tayari, hakuumbwa, ukitaka zaidi muulizeni mchungaji pamoja. La pili mtoto anakuuliza kwa sababu ana huzuni. Muulize bibi alikuwaje, alimpikia nini. Ombeni. Usitunge majibu usiyoyajua.

*Watoto wa majirani Waislamu wanakuja na rafiki zao.* Hapa mjini ni jambo la kila wiki, na ni heshima kwenu kwamba wanajisikia salama. Wapokee kama wengine. Lakini wazazi wao lazima wajue na waridhie. Mlezi aende akaongee nao. Usimfundishe mtoto wa mtu kwa kificho, na usiseme hata neno moja baya juu ya dini ya nyumbani kwao.

*Mzee mmoja kanisani amesema "huyu mtoto atafundisha nini?"* Msalimie kwa adabu, umwombe aje akae darasani siku moja. Wewe usome 1 Timotheo 4:12: "Mtu awaye yote asiudharau ujana wako, bali uwe kielelezo kwao waaminio, katika usemi na mwenendo, na katika upendo na imani na usafi." Nusu ya kwanza ya mstari huo vijana wanaipenda sana. Nusu ya pili ndiyo itakayomjibu mzee.

*Mama amekukataza kwa sababu matokeo yameshuka.* Mtii. Mwambie mlezi, shuka uwe msaidizi wa Jumapili moja kwa mwezi, inua masomo, urudi likizo. Usitumie kanisa kukwepa vitabu, watoto wako nao watakuiga.

*Wewe mwenyewe huna hamu ya kusali wiki hizi.* Usiigize. Mwambie mlezi au mchungaji ukweli wako, upumzike kufundisha hadithi kwa muda, lakini endelea kuja ukae mkekani na watoto.

*Umefika, mlezi hayupo na simu yake haipokelewi.* Usifungue darasa peke yako hata kama watoto wameshajaa mlangoni. Mwite mzee wa kanisa au mzazi mmoja akae nawe. Akikosekana, wapeleke watoto ibadani wakakae na wazazi wao, ukae nao mstari mmoja, na hadithi yako uitunze mpaka wiki ijayo.